Kapteni Kishindo

Katika ule mji wa mlimani hakuna jeti inayotua kwa adabu. Njia ya kurukia ni fupi, ilichongwa zamani kwa ajili ya vindege vya kubeba barua, na kampuni ilipoamua kupeleka huko jeti ya abiria zaidi ya mia, lami haikurefushwa hata shubiri. Kilichobadilishwa ni mafunzo ya marubani. Waliambiwa waje kwa mwendo uleule uliopangwa, wasiongeze hata chembe, magurudumu wayabamize juu ya mistari minene myeupe iliyopakwa mwanzoni mwa lami, halafu breki, halafu injini zigeuze msukumo wake mpaka abiria waning'inie kwenye mikanda. Anayetaka kutua taratibu akatue penye nafasi. Kutua laini kunakula lami, na lami yenyewe pale haipo.

Kapteni wetu alilijua hilo kuliko wote, maana ndiye aliyewafundisha wenzake. Kila safari aliibamiza ndege palepale panapotakiwa, kwa kishindo cha kugonganisha meno, na kila safari ilisimama ikiwa imebakiza lami ya akiba mbele yake. Wakaguzi walimsifu. Abiria walimlaani chinichini huku wakiokota miwani yao. Laana za abiria asingezijali, kama baba yake mzazi asingekuwa mkazi wa mji huohuo.

Mzee huyo alikuwa dereva mstaafu wa lori la mayai. Maisha yake yote aliteremsha trei za mayai kutoka mlimani kwenye barabara ya mashimo, na kwa maneno yake mwenyewe, ambayo ukoo mzima uliyajua kwa moyo, hakuna yai lililowahi kupasuka kwa breki yake. Huenda alitia chumvi. Lakini hakuwa na kingine cha kujivunia, na hicho kimoja alikishika kwa meno. Mwanawe alipochaguliwa kwenda kusomea urubani, majirani walikuja kumpongeza, naye akawauliza kama huko angani kuna mashimo. Walipojibu hapana, akasema basi hata mke wake angeweza.

Safari ya kwanza ya jeti, ukoo wote ulikwenda uwanjani. Mzee alisimama mbele kabisa, ameshika uzio. Ndege ikashuka, ikapiga lami kwa kishindo kilichowafanya akina shangazi wainame, ikanguruma, ikasimama salama salimini. Kapteni alitoka na mistari yake ya dhahabu mabegani, kofia kwapani, uso umejaa tabasamu la mtoto aliyeleta matokeo mazuri ya mtihani. Baba yake alimwangalia kuanzia viatuni hadi utosini.

"Mimi nilibeba mayai, wewe unabeba watu," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Kwa kile kishindo, heri mayai yangu."

Watu walivunjika mbavu. Kuanzia siku ile jina lake halisi likafa. Wapagazi wa uwanjani walimwita Kapteni Kishindo, muuza magazeti alimwita Kapteni Kishindo, na mpwa wake aliyekuwa bado ananyonya kidole alijifunza kulitamka hilo jina kabla hajaweza kusema mjomba. Walilitamka kwa kucheka tu, bila ubaya, na ndiyo maana hakupata hata wa kugombana naye.

Alijaribu kueleza. Alipokuwa likizoni alikaa na mzee sebuleni, akamchorea njia ya kurukia kwa kidole juu ya kitambaa cha meza, akamwonyesha mistari ilipo na mtaro wa maji ya mvua ulipo kule mwisho. Mzee alisikiliza mpaka akamaliza. Halafu akamwambia kwamba urefu wa barabara hakuuliza. Alichouliza ni kwa nini mwanawe hawezi kusimamisha gari bila kutupa watu. Alikuwa mtu mzima, ana mke, ana watoto wanaokaribia kumzidi kimo, ameshika maisha ya mamia ya watu kila wiki. Na bado alichotaka duniani kilikuwa kimoja, cha kumtia mtu haya: baba yake aseme, hata mara moja tu, kwamba mwanawe anajua kuendesha.

Mzee mwenyewe hakuwahi kupanda ile ndege. Alisafiri kwa basi, akijitapa kwamba mgongo wake hautamwachia Kishindo auvunje. Mwishowe mgongo ukamshinda. Alipelekwa kwa daktari katika jiji la pwani, na daktari akampiga marufuku mabasi. Ikabidi arudi nyumbani kwa ndege, na zamu ya siku hiyo ilikuwa ya mwanawe.

Kapteni alimwekea kiti cha mstari wa mbele. Mzee alipanda polepole kwa mkongojo, akaketi, na hata kabla hajafunga mkanda akamgeukia mama aliyekaa jirani. Mlango wa chumba cha marubani ulikuwa bado wazi.

"Kama una meno ya bandia, mama, yatie kwenye pochi," alisema. "Dereva wa leo ni Kishindo."

Mama yule alicheka. Mhudumu wa ndege alicheka. Hata rubani msaidizi, aliyekuwa akibonyeza vitufe upande wa kulia, alianza kucheka, akaona shingo ya kapteni ilivyokakamaa, akacheka nusu na nusu akaimeza.

Rubani huyo msaidizi alikuwa dada kijana, mwanafunzi wake, tena bora kuliko wote aliowahi kufundisha. Ni kapteni mwenyewe aliyemfundisha neno la uwanja ule. Ndege ikipita mstari mweupe wa mwisho magurudumu hayajagusa, rubani msaidizi anasema "paa," na kapteni hana ruhusa ya kuuliza wala kufikiri. Anasukuma injini mpaka mwisho, anapanda, anazunguka, anajaribu upya. Neno hilo halikujali cheo. Kapteni alizoea kuwaambia wanafunzi kwamba siku atakayobishana nalo wampokonye usukani.

Njiani waliarifiwa kwamba mvua imenyesha mlimani, lami imelowa, na upepo unavuma kidogo kutoka nyuma. Bado iliruhusiwa kutua, ila pasipo nafasi ya mzaha. Dada akakumbusha makubaliano, kama utaratibu ulivyotaka, kwamba wakipita mstari wa mwisho atasema neno.

"Ukilisema tu, napaa," alijibu kapteni, na hakuwa anadanganya. Wakati ule alikuwa bado angani.

Walitoka mawinguni, njia ile hapo mbele yao, nyeusi, inang'aa kwa maji. Kapteni aliileta ndege vizuri. Mwendo ulikuwa sawasawa, mteremko sawasawa, mpaka wakavuka ukingo wa lami. Hapo, palipobaki kuiacha tu ndege ijibwage, alimsikia baba yake akikohoa nyuma ya mlango.

Pengine hakusikia kitu. Mlango ule ni mzito na injini zina kelele. Lakini aliinua pua kidogo tu, akabakiza na nguvu kidogo ya injini ambayo ilipaswa kuondolewa yote. Ndege ikaacha kushuka. Ikaelea juu ya lami, tulivu, ikitafuta mahali pa kujilaza. Mistari myeupe ikapita chini ya tumbo lake.

"Paa, kapteni," alisema dada.

"Subiri."

"Paa."

Mikono yake ilikuwa imeishika ile ndege kwa ustadi ambao hajawahi kuuonyesha, na ni haki kusema kwamba ulikuwa ustadi wa kweli. Dada akalirudia neno mara ya tatu kwa sauti ya kupasuka, akapeleka mkono kwenye vishikio vya injini avisukume mwenyewe. Kapteni akauzuia mkono huo kwa kiwiko, kwa nguvu, kama anayemfukuza mtoto kwenye sahani ya mgeni. Na hapohapo magurudumu yakagusa, taratibu kiasi kwamba kule nyuma baadhi ya abiria walikuwa bado wanangoja kutua.

Sasa hata kupaa hakuwezekani tena. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, injini zikanguruma, na maji ya juu ya lami yakafanya kazi yake. Ndege iliteleza moja kwa moja, bila papara, ikaipita lami ya akiba, ikayapita majani, ikatumbukiza pua mtaroni. Gurudumu la mbele lilikunjika. Sakafu ya upande wa kulia ilipanda, ikaikuta miguu ya dada chini ya ubao wa vipimo, ikaibana pale ikaisaga.

Abiria waliteremka wote kwa zile ngazi za dharura za kuteleza, wamelowa, wengine wanalia, hakuna aliyekufa. Kapteni alitolewa dirishani bila hata mkwaruzo. Alikaa kwenye majani akisikiliza wazima moto wakikata chuma ili wampate mwanafunzi wake. Alijua kila kitu. Alijua leseni yake imekwisha, alijua yule binti hatakanyaga tena pedali za ndege na pengine hata za baiskeli, alijua ni yeye aliyefanya.

Ndipo mzee akaja, amefunikwa blanketi, mkongojo ameupoteza, anajishikilia kwa mhudumu. Alisimama mbele ya mwanawe. Kapteni akangoja kupigwa.

"Huku ndiko kutua nilikokuwa nakuambia miaka yote," alisema mzee. "Yaani sikusikia hata magurudumu yalipogusa. Nilimuuliza mama pale kando, tumefika au bado?"

"Baba, tumetumbukia mtaroni."

"Hayo ya breki ni mambo ya fundi. Mimi nazungumzia mkono." Akamnyooshea wake. "Una mkono, kijana wangu. Umeurithi kwangu."

Kapteni alishikwa na furaha. Ilimjaa kifuani ghafla, ya moto, kiasi kwamba macho yalimlowa, na hakuweza kuizuia, na kusema ukweli hakujaribu. Alisimama akaushika mkono wa baba yake kwa mikono yake miwili.

Walikuwa bado wameshikana hivyo machela ilipopita. Dada alikuwa na fahamu zake zote. Uso wake ulikuwa wa kijivu, na kuanzia magotini walikuwa wamemfunika. Aliwaomba wabebaji wasimame.

"Kapteni," alisema, kwa ile sauti yake ya kazini, ya heshima. "Ulinisikia?"

Mle ndani kuna kinasa sauti, na chini ya juma moja wachunguzi wangeisikia ile "subiri" yake, safi kabisa. Kapteni alilijua na hilo. Akamtazama binti, akamtazama baba yake aliyekuwa amegeuka kumsikiliza.

"Sikusikia kitu," alijibu.

Dada akafumba macho, na machela ikaendelea. Mzee hakuwa ameelewa walichozungumza, wala hakuuliza. Alikwisha kuwageukia abiria waliojikunyata pembeni ya gari la zimamoto, akainua sauti juu ya kelele za injini ya gari hilo, akawaambia kwamba huyu mnayemwona ni mwanangu, mimi ndiye niliyemzaa. Kapteni akakung'uta majani kwenye suruali, akavaa kofia yake, akasimama wima ili wamwone vizuri.