Ubao Nyuma ya Kabati

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe tisa, saa nne kasorobo asubuhi. Siyo Jumatatu, mke wa Fundi alipokata roho. Kifo hakina ofisi, huwezi kukigongea mlango ukakiuliza kulikoni. Alhamisi ndipo alipopatikana wa kulaumiwa, naye alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, akimwambia fundi seremala kwamba jeneza alilolisukuma kwa mkokoteni toka karakana yake halikubaliwi pale.

"Ndiyo sheria, mzee," alisema msimamizi wa chumba cha maiti. "Uzike, uchome, jeneza ni la hapahapa kwetu. La nje haliingii."

Fundi alisimama, kofia mkononi. Kwa siku tatu usingizi ulikuwa ukimpitia mbali, na kila kitu kilikuwa kimelainika kingo, kama ubao uliopigwa msasa kupita kiasi. Pazia jeupe la ofisi lilivuta pumzi, likaitoa. Saa ya ukutani ilitembea bila mlio.

Majirani walimwita Fundi Kesho. Miaka ishirini na sita alimwahidi mkewe kabati. Nyumba za watu zilijaa makabati yake; nguo za mkewe zilikaa sandukuni, mvunguni mwa kitanda. Mbao zilikuwepo, nyekundu, mke mwenyewe alizichagua, akazigonga kwa kidole na kutega sikio kama anayebisha hodi. Zikaegemea ukuta zikiingoja hiyo kesho.

Jumanne alizishusha. Alipiga randa mpaka maranda yakamfunika miguu, laini, yenye joto, akahisi anatembea ndani ya nywele za mtu. Mikono ikafuata mazoea yake. Alipozinduka, jeneza lilikuwa na bawaba ubavuni, kitasa kidogo cha shaba, na kwa ndani, upande wa kichwa, rafu nyembamba. Hakuing'oa. Alichukua miwani ya kusomea ya marehemu akaiweka pale.

Msimamizi alichungulia dirishani, akaguna. "Sasa lile ni jeneza au kabati?"

"Kwake ni vyote viwili," alisema Fundi.

Dada wa marehemu, aliyekuja naye, alimgonga kiwiko. "Shemeji, usisimame kama nguzo. Sema kitu!" Kisha akamgeukia msimamizi. "Hebu tuonyeshe hiyo sheria imeandikwa wapi."

"Sheria haionyeshwi, mama. Inafuatwa."

Dada mtu akashika kiuno. Lakini Fundi hakuwa tena pale. Harufu ya dawa ya sakafu ilikuwa imepasuka, na katikati yake kukatoka harufu ya vanishi. Aliona chumba hikihiki, miaka miwili nyuma, yeye juu ya ngazi akitundika ubao wa matangazo wenye kioo. Chini alisimama mkewe, skrubu kiganjani, akimsomea karatasi iliyokuwa ndani. Fundi aliishia darasa la pili. Mke ndiye aliyekuwa macho yake. Alimsomea kila kitu, hata pakiti za sabuni.

"Sikia, Kesho wangu," sauti ilisema, karibu kabisa na sikio. "'Familia inaweza kuleta jeneza lake, la kununua au la kujitengenezea, kwa kuzika au kwa kuchoma, na hakuna atakayelikataa.' Umesikia? Usije ukanizika na la dukani wakati nimeolewa na fundi."

"Nipe skrubu, acha uchuro," alijibu siku ile, na mke akacheka, skrubu zikalia kiganjani mwake kama shanga.

Fundi alitazama ukuta. Ubao haukuwepo. Mahali pake palisimama kabati refu la vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, kitu ambacho yeye asingemtengenezea hata adui. Akatazama sakafu. Chini ya dirisha kulikuwa na alama nne za miguu ya kabati, safi, zikingoja mwenyewe arudi.

"Ubao wangu uko wapi?"

"Ubao gani, mzee?"

"Nilioutundika kwa mikono hii. Skrubu sita. Za juu ndefu, kwa sababu ukuta wenu unamomonyoka."

Mlangoni, mhudumu wa usafi aliegemea fagio lake, akaziangalia ndala zake.

"Uko nyuma ya kabati, fundi," alisema polepole.

Walisukuma watatu, Fundi, dada wa marehemu na mhudumu. Kabati liliguna, likasogea, na ubao ukatokea, kioo kimejaa vumbi. Dada mtu alifuta kwa kiganja, akakodoa macho. "Sioni. Miwani nimeacha nyumbani."

Fundi akatoka nje, akafungua jeneza, akarudi na miwani ya kwenye rafu. Dada akaivaa miwani ya dada yake, akaanza kusoma, na sauti ilikuwa ileile. Fundi alifumba macho. Midomo yake ilitangulia kila neno, mpaka pale panaposema familia ionyeshwe huduma zote na bei zake kabla ya kukubali chochote.

"Mimi nilihamishiwa hapa mwaka jana," alisema msimamizi. "Kabati nimelikuta hapohapo. Nafuata ninavyoambiwa."

"Na nani?"

"Na wakubwa."

Akagonga muhuri kwenye kibali bila kumtazama mtu. Mke akatolewa, akalazwa ndani ya mbao alizozichagua. Miwani ikarudi rafuni. Fundi akafunga kwa kitasa, taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha nyumba, na alasiri ile wakamzika. Hakumshukuru yeyote. Unamshukuruje mtu kwa kilicho chako?

Walipokuwa wakitoka na jeneza asubuhi ile, walipita barazani. Kwenye benchi walikaa watu na karatasi zao mapajani, nao hawakuwa na ubao wa kukumbuka. Na waliokaa hapo mwaka jana je? Wa mwaka juzi?

Tangu hapo kila Alhamisi, saa nne kasorobo, Fundi huenda kukaa kwenye benchi lile, na barua kwa wakubwa, aliyoandikiwa na shemeji yake. Huambiwa wakubwa wako mkutanoni. Barua ina mstari mmoja tu: Nani alisema kabati litoke dirishani liende kusimama pale?