Mafiga ya Dorika

Siku Dorika alipopanga mafiga yake uani kwa kaka yake, wifi yake Anastasia aliangusha ndoo ya maji aliyokuwa ameibeba. Alisimama tu, maji yakimlowesha miguu, akayakodolea macho yale mawe matatu kama nyoka aliyeingia ndani. Kisha akasonya, akaenda kumwita mama mkwe.

Kwenye ukoo ule hilo halikuwa jambo dogo. Mwanamke aliyeachika akirudi kwao hupikia jiko la mama yake au la wifi yake, hula anachokikuta, hunyamaza. Akithubutu kujipangia mafiga yake mwenyewe, kaka yuko hai na mama yuko hai, ni sawa na kusimama njia panda akatangaza kwamba pale hana ndugu. Hakuna tusi la mdomo linaloshinda hilo. Dorika alilijua vizuri, na ndiyo maana aliyapanga saa mbili asubuhi, jua limeshachomoza, majirani wote wakiona.

Alikuwa na hasira, na haikuwa ya jana wala ya juzi.

Wiki mbili kabla, mwanzoni mwa Agosti, tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji pale Mitundu. Kulikuwa na mradi unaolipia watu mafunzo ya miezi sita mjini Singida, ufundi wa mashine za kukamua alizeti. Ada juu yao, chumba mtaa wa Utemini juu yao, chakula na vifaa juu yao, na ukimaliza unapelekwa kiwandani kwa mkataba wa mwaka mzima. Kijiji kilipewa nafasi moja. Aliyekwisha kufanya kazi na mashine angetangulizwa. Umri ni kati ya miaka kumi na minane na thelathini na mitano, na kila kaya iombe mtu mmoja tu.

Dorika alilisoma mara tatu. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, na mwezi wa kumi na moja angetimiza thelathini na sita. Kwa miaka minne alikuwa amesimama kwenye mashine ya kusaga ya tajiri mmoja wa pale kijijini, akibadilisha mikanda, akizibua chekeche, akijua kwa kusikia tu kwamba beringi imeanza kufa. Jioni alirudi na unga kwenye nyusi, akapikia watu saba. Hakuna aliyewahi kumwita fundi. Walimwita "yule wa mashine," basi.

Kosa lake, na mwenyewe anakiri, ni kwamba alilisimulia tangazo lile wakati wa kula. Furaha ilimzidi, masikini. Alimweleza kaka yake Zefania neno kwa neno, hadi tarehe ya mwisho ya kuomba. Zefania alimega tonge, akachovya kwenye mlenda, akasema, "Jambo zuri hilo." Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika ofisini, amepeleka jina la mwanawe Calist.

Calist ana miaka kumi na tisa, na mashine pekee anayoifahamu ni simu yake.

"Huyu ni kijana, ana maisha mbele yake," Zefania alisema Dorika alipomkabili. "Wewe uliolewa, ukaachwa, umerudi tumekupokea. Unataka nini tena?"

"Calist anaweza kuomba mwakani, na mwaka utakaofuata, mpaka achoke. Mimi nina miezi mitatu tu, kaka."

"Kaya moja, mtu mmoja. Si wewe mwenyewe uliyetusomea?"

Na akacheka. Dorika angeweza kumsamehe lile jina lililopelekwa ofisini. Kile kicheko hakukisamehe, na hadi leo hajakisamehe.

Alikwenda kwa mzee Bonifasi, mwenyekiti wa kitongoji, akamkuta anaziba pancha ya baiskeli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Najua kilichokuleta, na jibu ni hapana." Bonifasi hakuinua kichwa. "Kaya ni chungu, mwanangu. Wanaokula chungu kimoja ni kaya moja. Ndivyo ninavyoandika kwenye daftari, na ndivyo mtu wa mradi atakavyokuja kukagua."

"Na nikiwa na chungu changu?"

Hapo aliinua kichwa. "Uani kwa Zefania? Una wazimu?"

"Nauliza kufuatana na daftari."

"Kufuatana na daftari, unalala kwenye mlango wako, unapika mwenyewe, unakula mwenyewe, wewe ni kaya. Nitakuandika. Lakini mkaguzi akikuta mnakula pamoja, nitakufuta mbele yake. Na usije ukasema Bonifasi amewagombanisha."

"Tumeshagombana, mzee," Dorika akasema, akapitia ofisini kupeleka jina lake.

Mlango wake alikuwa nao tayari, maana tangu arudi kutoka Itigi alikokuwa ameolewa alilazwa kwenye ghala la zamani. Kilichokuwa hakipo ni mawe matatu tu, na mawe Mitundu hayanunuliwi.

Basi siku ile mama yake, Esta, alitoka akiegemea fimbo, akasimama mbele ya mafiga.

"Nani amekufukuza?"

"Hakuna, mama."

"Mimi nimekufa?"

"Hapana, mama. Ni kwa ajili ya mafunzo tu. Mkaguzi akishapita nitayaondoa."

"Yaondoe sasa hivi."

"Sitayaondoa."

Esta alitema mate chini, karibu kabisa na jiwe la kwanza, akageuka. Tangu hapo hakumsemesha binti yake.

Vita ikaanza. Zefania aliyapiga mawe teke jioni ile ile, akaumia kidole, akachechemea siku mbili, na Dorika aliyarudisha kabla vumbi halijatulia. Anastasia alimnyima kaa la moto. Dorika akanunua kiberiti. Wakamnyima sufuria, akaazima chungu kwa mke wa mwenye mashine. Siku ya tatu Anastasia alianza kuona cha moto, maana sasa watu sita wote walimtazama yeye, na kuni zilikuwa hazijitafuti. Alipika huku akiimba mafumbo kwa sauti kubwa kuhusu wanawake wagumba wenye roho mbaya, fumbo moja baada ya jingine. Dorika alisikia kila neno. Aliendelea kusonga ugali wake wa mtama, akala na mlenda usio na karanga, mgongo ukiwa umewaelekea.

Jambo moja tu lilimshinda kuacha. Kila mchana alipakua bakuli la mama yake, akalifunika, akaliweka kizingitini pake. Kila jioni alilikuta pale pale, halijaguswa, ugali umekauka juu. Siku ya tano Esta alilichukua mwenyewe akawamwagia kuku, taratibu, akihakikisha Dorika anaona. Dorika aliingia ghalani akalia kwa uchungu, halafu kesho yake akapakua tena.

Mkaguzi alikuja siku ya tisa kwa bodaboda kutoka Itigi, binti mmoja mwembamba aitwaye Ritha, amejifunga mtandio usoni kwa ajili ya vumbi. Bonifasi aliongozana naye, daftari kwapani. Lakini Zefania alikuwa ameshapata habari. Alikuwa amechinja kuku tangu asubuhi, amewakalisha watu wote wa nyumba na kuwafundisha la kusema, mama yake akiwemo. Mlio wa pikipiki uliposikika tu, Anastasia alitoka mbio na sahani ya wali na paja zima la kuku, akaitua kwenye kizingiti cha ghala.

"Dada," Zefania akaita kwa sauti tamu ambayo Dorika hakuwa ameisikia tangu wakiwa watoto, "chakula chako kile kinapoa. Karibu mgeni, karibu sana! Hapa tunakula wote, hatuna makuu."

Harufu ya kuku ilimfika Dorika pale alipokuwa amechutama. Nyama aliionja mara ya mwisho Krismasi. Alijua anavyotegwa: akila, yeye ni wa chungu cha Zefania, akikataa chakula mbele ya mgeni, ni mwanamke wa shari ambaye hakuna mradi utakaomtaka. Alimchukia kaka yake mchana ule.

"Mimi nimeshakula," alisema. "Chungu changu hicho hapo."

"Ana hasira za juzi tu," Zefania akamwambia Ritha, akicheka. "Mambo ya ndugu. Zitaisha."

Ritha alikitazama chungu, akaitazama sahani. Hakuonekana mtu mbaya, alionekana mtu aliyechoka. "Dada, nisikufiche. Kila kijiji ninachopita nakuta watu wamejigawa wiki moja kabla sijafika. Wanapanga mawe, nikiondoka wanayatupa. Nikiona huu ni ugomvi wa kupita, naandika kaya moja, na jina lililotangulia ndilo ninalolichukua." Akamgeukia Esta, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya nyumba kubwa. "Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Bibi, huyu dada mnakula naye?"

"Mama anasema kwamba…" Zefania akadakia.

"Nimemuuliza bibi."

Dorika aliinamisha kichwa. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha. Aliwaza mashine ya kusaga, mikanda yake, unga kwenye nyusi, miaka kumi mingine, ishirini mingine. Aliwaza hata kuinuka akaile ile nyama, maana kulala na njaa juu ya kushindwa ni ujinga.

Ila Zefania alikuwa amesahau kitu kimoja. Kwa siku tisa mama yake alikuwa amenuna bila kupata mtu wa kumwagia hasira zake. Wa ndani walikuwa wameshachoka kumsikiliza. Sasa amekuja mgeni, ana kalamu mkononi, na anauliza.

"Nile naye mimi?" Esta akashika fimbo, akainuka. "Siku tisa! Siku tisa anapika peke yake mbele ya macho yangu. Nimemzaa, nimemnyonyesha, mumewe alipomtupa nikamfungulia mlango. Leo ananiwekea bakuli kizingitini kama ombaomba! Sijaligusa na sitaligusa. Huyu si wa nyumba hii. Andika hivyo."

"Mama!" Zefania alipaza sauti.

"Nyamaza! Umenifundisha niseme tunakula pamoja. Mimi ni mkongwe, si mwongo. Andika, binti. Andika Esta amesema huyu si wa kwangu."

Ritha aliandika. Bonifasi alikohoa, akafungua daftari, na yeye akaandika. Kisha Ritha akatoa kidau cha wino, kwa kuwa maelezo ya mzazi yalihitaji sahihi, na Esta hakusoma. Bibi yule alilikandamiza dole gumba kwenye karatasi kwa nguvu zake zote, akalishikilia pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Dorika alipata alichokuwa anakitafuta. Aliitazama ile alama ya buluu chini ya maneno yale; hakuwahi kufikiri kwamba kitakuja kwa mkono huo. Sahani ya wali ilibaki kizingitini mpaka kuku wakaipata.

Ujumbe uliingia kwenye simu yake Jumanne moja akiwa kwenye mashine. Alikuwa amechaguliwa, aripoti Singida Jumatatu. Calist alimpa hongera kwa siri, tena kwa moyo mweupe, maana hakutaka kwenda tangu mwanzo na hakuna aliyemuuliza.

Alfajiri ya kuondoka, Dorika alizoa majivu, akafagia, akafunga begi lake. Mawe aliyaacha. Esta alikuwa ameketi kwenye mkeka wake, kampa mgongo, anachagua mtama.

Dorika alipiga goti nyuma yake.

"Shikamoo mama."

Esta aliokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa. Akaokota kingine. Dorika alingoja, goti likiuma, mpaka bodaboda akapiga honi mara ya pili. Marahaba haikuja. Akainuka, akajipangusa vumbi, akapakia begi lake.

Alikuwa ameshapanda pikipiki aliposikia vishindo. Zefania alikuwa ametoka ndani kifua wazi, amebeba jiwe moja la mafiga kwa mikono miwili, anaelekea nalo uzioni akalitupe porini. Halafu Dorika akasikia ile sauti ya mama yake aliyoingoja, kali kama ilivyo siku zote, ila haikuwa inamjibu yeye.

"Rudisha, Zefania! Lirudishe palepale ulipolitoa. Hayo ni mawe ya watu."