Miezi Sita ya Mama Kanini

Mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza hapa Matinyani, kwa hivyo barua ya kanisa nilimsomea mama yangu, Kanini, mimi mwenyewe. Kiingereza kitupu, eti ndiyo heshima. "You have been disciplined." Miezi sita akae benchi la nyuma, asiguse Meza ya Bwana, asiimbe na kwaya ya akina mama. Na kanisani kwetu, ukifa kabla hujarudishwa, mchungaji haji kukuzika.

Kosa lake? Siku ya ntheo yangu, wakwe walipoleta mbuzi wa posa, walikuja pia na kaluvu, pombe ya kienyeji ya wazee, na Mama akawapokea kibuyu. Kushika tu! Hata tone hakuonja. Mtu akapiga picha, ikaingia WhatsApp ya kanisa.

"Hiyo discipline ni kufanya nini?" Mama akaniuliza.

"Ni kumrekebisha mtu unayempenda," nikamjibu, vile nafundisha darasani. Mjinga mimi.

Akaamini. Kila Jumapili akakaa nyuma pale mlangoni, akihesabu miezi kwa vidole. "Nthenya, siku wakinirudisha nitavaa ile kitambaa yangu nyeupe ya kwaya." Mwezi wa nne presha ikampanda. Wa tano hakuinuka kitandani tena. Nikaenda kwa Ndolo, mzee wa kanisa, nikapiga magoti uani kwake, mimi mtu mzima.

"Mzee, mrudishe sasa. Anaogopa kuzikwa kama mtu asiye na kanisa."

"Mwalimu, si wewe ndiye unajua Kiingereza? Ku-discipline ni kupenda. Lakini miezi sita ni miezi sita."

Kupenda! Woi, nilitamani kumtemea mate. Mama alikufa zikibaki siku kumi na moja. Tukamzika wenyewe. Wenzake wa kwaya walisimama nje ya ua, bila vitambaa, wakilia chinichini.

Jumapili ya kwanza baada ya miezi sita kutimia nikaenda kanisani, nikakaa benchi lake. Ndolo akafungua daftari lililoandikwa siku ile ya hukumu, akasoma bila kuinua macho.

"Aliyemaliza disiplini asimame tumpokee. Kanini Nyamai."

Watu wakageuka kutazama benchi la nyuma. Ndolo akainua macho, akakumbuka. Nikasimama mimi, na kitambaa cheupe cha Mama mkononi.

"Mpokeeni," nikasema. "Amerekebika. Hatashika kibuyu tena."