Kofia ya Kipa wa Akiba

Mimi ndiye mtunza kumbukumbu wa shirikisho la mpira, na nimechoka. Nalisema mapema ili mtu asije akaniuliza mbele ya safari mbona nimenuna. Chumba changu kiko chini, kimepakana na stoo ya vifaa, na kwa miaka mitatu nimekaa na harufu ya mipira mipya na vumbi la karatasi kuukuu. Macho yananiuma, mgongo unaniuma, na kustaafu bado mwaka mzima.

Yote ni kwa sababu ya kofia. Kwenye mpira kuna desturi ya zamani, ya tangu enzi ambazo wachezaji wa timu moja walitambuana uwanjani kwa kofia walizovaa: ukiichezea nchi yako mechi ya kimataifa, nchi inakupa kofia. Si kofia ya kuendea sokoni. Ni ya mahameli ya buluu, ina kishada juu, na mbele imetariziwa kwa uzi wa fedha mwaka uliocheza. Sisi miaka yote tulikuwa tunazihesabu mdomoni tu, fulani ana kofia thelathini, fulani ana tano, na kofia yenyewe hakuna aliyewahi kuishika. Ndipo viongozi wakaamua kwamba kila aliyewahi kuichezea nchi, hata kwa dakika moja, apewe ya kwake kwenye hafla kubwa ukumbini. Wakapigiwa makofi. Kisha wakanibwagia mimi kazi ya kujua nani alicheza na nani hakucheza.

Sheria yenyewe ni nyepesi kusema. Ukikanyaga uwanja mpira ukiwa unachezwa, unahesabiwa. Ukiitwa kambini, ukasafiri, ukavaa jezi, ukakaa benchi dakika zote tisini, huhesabiwi. Ushahidi ni mmoja, ripoti ya mwamuzi, na ripoti haigeuzwi ila kwa njia moja tu: aliyeandikwa humo akane mwenyewe kwa maandishi. Katika miaka mitatu sijaona aliyekana. Wanaodai ndio nimewaona, wazee wa watu, wengine wameshika picha zilizofifia, wengine wanakula kiapo mbele ya meza yangu. Nimewakatalia sitini na saba. "Mzee wangu, karatasi inasema hukuingia," basi, na nilishazoea kulisema bila hata kuinua kichwa.

Mmoja wao ni Pikipiki. Alikuwa winga, na jina hilo alipewa na mashabiki kwa mbio zake. Siku hizi ni mwandishi wa mabango ya maduka, vidole havikosi rangi, na goti moja limegoma kabisa. Alisema aliingia dakika ya themanini na nane kwenye mechi ya ugenini dhidi ya majirani zetu, miaka thelathini na moja iliyopita. Nilifungua ripoti. Siku ile yaliruhusiwa mabadiliko matatu, na yote matatu yalikuwa yametumika. La tatu liliandikwa hivi: dakika ya 88, ametoka namba 1, ameingia namba 16.

Namba 16 ni kaka yangu, tumbo moja.

Huyu kaka alikuwa kipa wa akiba wa timu ya taifa kwa miaka tisa. Aliitwa mara arobaini na tatu, na mara zote alisugua benchi, maana kipa namba moja wa wakati ule hakuwahi kuugua hata mafua. Marehemu mama alikuwa akisema kaptula za mwanawe huisha nyuma kabla ya mbele. Tulicheka, na yeye alicheka nasi, lakini baadaye nilipokuwa mtu mzima nilianza kuona kwamba hucheka wa mwisho na kuacha wa kwanza. Mpira ulipomwacha, alipata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kupima misumari, na yuko huko mpaka leo. Wateja wanamwita Kipa.

Siku nilipoiona ile namba 16 nililia pale pale mezani. Nilimwita mwenzangu wa mapokezi aje aisome na yeye, mtu asije akasema nimembeba ndugu yangu. Kisha nikaenda dukani moja kwa moja, nikamtangazia kaka mbele ya wateja kwamba ana kofia. Wateja wakampigia makofi. Yeye alisema, "Ahaa," akaendelea kupima misumari. Nikadhani ni unyenyekevu. Wifi yangu, mkewe, hakuwa na unyenyekevu wowote: wiki haikuisha akawa ameshaagiza kisanduku cha kioo cha kuiwekea.

Jumanne ya wiki ya hafla, fundi wa kofia alitaka vipimo vya vichwa vya waliobaki. Kaka alikuja saa nne asubuhi, amevaa shati lake la kwendea harusini. Kwenye kiti cha korido alikuwepo Pikipiki, amekuja mara ya tatu, safari hii kuomba basi angalau apewe barua yenye jibu.

"Kipa," alisema, akainuka kwa kushika ukuta.

"Pikipiki. Kumbe upo."

"Nipo nipo tu, bwana. Hebu mwambie huyu mama. Wewe si ulikuwepo siku ile?"

Kaka yangu aliangalia viatu vyake. "Mambo ya zamani sana hayo, mwenzangu."

Pikipiki alimtazama kitambo. Nilisubiri apandishe sauti kama wengine, lakini hakupandisha. Aliniambia atarudi Ijumaa kuchukua barua yake, akaondoka akiburuta lile goti.

Nilimwingiza kaka ndani, nikamketisha kwenye kiti changu, nikamzungushia futi kichwani. Ana kichwa kikubwa, tumemtania tangu utotoni.

"Hamsini na tisa," nilisema. "Fundi atatuomba mahameli ya nyongeza."

Hakucheka. "Anasema kweli yule," alisema.

"Nani?"

"Pikipiki. Yeye ndiye aliyeingia. Mimi sikuingia."

Futi ilikuwa bado mikononi mwangu. Sikuitoa, na yeye hakugeuka, ikawa ananieleza huku anautazama ukuta.

"Tulikuwa tunaongoza mbili bila. Kocha akaniambia, vua hiyo trakisuti, leo na wewe unakanyaga. Nikavaa glavu. Nikasimama kwenye mstari, mwamuzi wa akiba akaandika namba yangu, akashika kibao cha namba tayari. Tunasubiri mpira utoke nje ndiyo nibadilishane na mwenzangu. Haukutoka. Ukaenda moja kwa moja golini kwetu. Mbili moja. Kocha akachanganyikiwa, akanivuta jezi kwa nyuma, akampigia kelele Pikipiki aingie, amtoe yule beki aliyekuwa hoi, akaupeleke mpira pembeni muda uishe. Vurugu tupu. Yule wa kibao alikuwa keshaandika kumi na sita, hakufuta."

"Na wewe?"

"Nikavua glavu."

Nilihesabu haraka haraka. Miaka thelathini na moja. Miezi minne tangu nimpelekee habari dukani. "Ulinyamaza," nilimwambia. "Nimekuja mpaka dukani kwako, nimejichekesha mbele za watu, ukanyamaza."

"Ulifurahi sana. Sijakuona umefurahi hivyo tangu mama alipofariki. Nikasema nitamwambia kesho, na kesho yake nikakuta kisanduku cha kioo kiko sebuleni."

"Kwa hiyo leo ndiyo imekuwa kesho."

"Leo nimemwona mwenyewe. Nipe hiyo fomu ya kukana. Ninajua utanilazimisha tu, wewe ndiye mkali kwenye ukoo huu."

Sasa niseme jambo ambalo sijivunii. Fomu ilikuwa kwenye droo, nusu mkono kutoka nilipokuwa nimesimama. Sikufungua droo. Nilimwambia ripoti imeandika kumi na sita, mwamuzi ametia sahihi, na kazi yangu si kujua yaliyotokea bali yaliyoandikwa. Nilimwambia amekaa benchi miaka tisa, na kama kuna mtu kwenye nchi hii anayestahili dakika mbili ni yeye. Nilimwambia anyamaze. Nilikuwa na hasira, na sikujua hasa nimemkasirikia nani.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema taratibu, "Nilidhani hapa nikija nitapumzika." Akachukua kofia yake ya jua mezani, akaenda zake kazini.

Niliandika hamsini na tisa mbele ya jina lake, nikaipeleka orodha kwa katibu wa shirikisho, kijana mwenye haraka asiyesoma kitu zaidi ya ukurasa wa kwanza. Akatia sahihi akiwa anaongea na simu.

Alhamisi nilikaa kuandika barua ya Pikipiki. Barua hizi nina mfano wake, natoa jina la aliyetangulia naweka la anayefuata. "Baada ya uchunguzi wa kina wa kumbukumbu zetu, tunasikitika kukufahamisha." Nimetia sahihi barua hizo mara sitini na sita, na mkono haukuwahi kusita. Safari hii uligoma. Uchunguzi wa kina nilikuwa nimeufanya, na nilichokipata kilikuwa kimekaa kwenye kiti changu kikanieleza chenyewe.

Na lililonichosha zaidi halikuwa Pikipiki. Kabati lilikuwa mbele yangu na mafaili ya wale wengine yamepangwa humo. Kama mwamuzi mmoja wa akiba alikuwa na vurugu siku moja akaacha kufuta, wangapi wengine? Niliwaona wale wazee wameshika picha zao, na mimi nimeinamisha kichwa. Wao sikuwa na njia tena ya kuwajua, waliokuwepo wengi wameshakufa. Njia niliyokuwa nayo ilikuwa ni hii moja, na nilikuwa nimeiziba kwa mwili wangu kwa sababu ni ndugu yangu. Nikaona aibu, aibu ya kweli ya kupandisha joto masikioni.

Saa sita mchana nilitoa fomu kwenye droo nikaenda dukani.

Duka lilikuwa limejaa. Kaka alikuwa nyuma ya mizani, anapima misumari ya inchi tatu kwa mteja, fundi seremala. Aliniona mlangoni, akaona karatasi mkononi. Akamaliza kupima, akafunga mfuko, akanawa mikono kwenye ndoo, akavikausha vidole kimoja kimoja. Kisha akasogeza mizani pembeni, akaichukua fomu mkononi mwangu, akaiweka kaunta.

"Wifi yako nitamwambia mwenyewe," alisema.

"Sawa."

"Atanuna."

"Atanuna mwezi mzima."

"Miwili," alisema, akaanza kuandika.

Ana mwandiko mkubwa wa polepole. Aliandika kwamba yeye, namba kumi na sita, hakuingia uwanjani kwenye mechi ile, kwamba aliyeingia ni namba kumi na nne, yaani Pikipiki, na kwamba anasema hivi bila kulazimishwa na mtu. Hapo alisimamisha kalamu, akaniangalia.

"Ni kweli hujanilazimisha," alisema.

"Nisamehe, kaka."

"Kwa lipi? Ulitaka kunipa kitu." Akatia sahihi. "Na mimi nilikitaka. Usidhani sikukitaka. Nilikuwa nimeshachagua na mahali pa kusimama ukumbini."

Yule seremala alikuwa hajaondoka, anajifanya anahesabu bawaba kwenye rafu. Nilivuta fomu upande wangu, maana mstari wa mwisho hujazwa na mtunza kumbukumbu mbele ya mhusika: idadi ya mechi alizoichezea timu ya taifa. Hauruhusiwi kuachwa wazi. Niliiweka kalamu pale, nikaiondoa, nikaiweka tena. Miaka yote nimeandika namba za watu, na hii moja haikutaka kuandikika.

"Andika tu," kaka alisema. "Mimi naijua siku zote."

Nikaandika. Niliandika haraka mno, duara likabaki na mdomo wazi juu.

Aliinama akaitazama, mikono yake mipana imeshika ukingo wa kaunta.

"Ifunge vizuri hiyo sifuri," alisema. "Isije ikasomeka sita."

Nikaifunga.