Maneno Yanayoanza na Re

Mwalimu Rigobert aliandika maneno matano ya Kiingereza kwenye ubao uliopasuka: return, repeat, renew, reopen, resettle. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima kumi na mmoja, Wakongomani wa kambi ya Nyarugusu, wameketi kwenye mabenchi ya kanisa.

"Hiyo re ya mbele," alisema, "mara nyingi maana yake ni tena, au kurudi. Repeat, sema tena. Resettle, kupata makao tena."

Pascasie, muuza unga wa muhogo, aliinua mkono. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kumi na minne ya mwisho ilikwisha akingoja kupelekwa nchi ya tatu, mbali na Kongo na Tanzania.

"Na refugee, mwalimu? Ni tena?"

"Asili yake ni kukimbia kurudi nyuma, Mama. Si tena hasa."

"Kwangu ni tena. Nimekimbia mara mbili."

Rigobert aliliongeza neno hilo ubaoni.

Wiki iliyofuata Pascasie alipata barua kutoka ofisi ya wakimbizi, akampelekea mwalimu amsomee. Kidole cha Rigobert kilisimama kwenye neno review.

"Kesi yako itaangaliwa tena."

"Watanihoji?"

"Watakuhoji."

"Mara ya sita. Minachoka, mwalimu."

Mahojiano yote yalianzia pale pale: mumewe, Cadet, alivyouawa mlangoni, yeye alivyovuka ziwa na watoto watatu, wakafika wawili. Kila alipotoka huko aliugua, akalala siku tatu, chakula hakipiti.

Siku ilipofika alikaa mbele ya afisa, binti mgeni mwenye sauti ya upole. Pembeni alikuwa mkalimani, Benita. Afisa alisema sentensi ndefu, na ndani yake Pascasie akalisikia repeat kabla Benita hajafungua mdomo. Alilitazama faili nene lililokuwa mezani.

"Reread," alisema.

"Unasemaje, Mama?" Benita alishtuka.

"Mwambie asome tena. Yote nilishayasema, yamo humo. Asome yeye, mimi nisikilize. Penye kosa nitamwambia."

Afisa alifungua faili. Alisoma karibu saa nzima, Benita akifasiri. Pascasie alisikiliza kama mtu anayesikia habari za jirani, mikono mapajani, mpaka walipofika kwenye watoto: watatu, wote hai.

"Hapana," alisema. "Mmoja alibaki ziwani. Josué. Alikuwa na miaka minne."

Mahojiano matano, na hakuna aliyeliona kosa hilo. Afisa aliomba radhi, akauliza jina linavyoandikwa. Pascasie alimtajia herufi moja moja, taratibu, naye akaandika.

"Jibu litachukua miezi sita," Benita alifasiri bila kumtazama. "Labda zaidi."

"Sawa."

Safari hii hakuugua. Alifika nyumbani jua likiwa kali, akatandaza muhogo kwenye turubai, akakaa kando yake kufukuza kuku. Usingizi ulimpitia hapo hapo, ameketi.