Mstari Uliokaa Nafasi ya Kumi na Nne

Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, karani wa foleni ya upasuaji wa macho aliweka kikombe cha chai upande wa kushoto wa kibodi, akavua viatu chini ya meza kama ilivyo kawaida yake, akabonyeza kitufe cha kushuka. Kioo chake cha kompyuta kilikuwa cha zamani, cheusi chenye maandishi ya kijani, na kilionyesha mistari ishirini na minne kwa mara moja, kila mstari mgonjwa mmoja. Mistari ishirini na mitatu ikasogea kuupisha ukurasa unaofuata. Mmoja, wa kumi na nne kutoka juu, ukabaki palepale. Akabonyeza tena. Mingine ikapita nyuma yake kama watu wanavyompita mtu aliyeketi njiani. Karani alimaliza chai kwanza, maana chai ikipoa haina faida kwa mtu yeyote, ndipo akapiga simu.

"Fundi, kuna mstari umekaa."

"Umekaa vipi?"

"Umekaa tu. Wenzake wanasogea, wenyewe umekaa."

Fundi wa kompyuta wa hospitali ile alikuwa mtu mpole wa miaka thelathini na kitu, mwenye bisibisi mfukoni ambayo hakuna aliyewahi kumwona akiitumia. Programu ya kusomea foleni aliiandika mwenyewe. Foleni ilikuwa na watu elfu mbili na ushei, na kioo ni kidogo, kwa hiyo programu ilitunza jedwali linalokumbuka kila nafasi ya kioo imekaliwa na mstari wa ngapi wa faili. Hiyo ni kazi ambayo fundi yeyote angeiweza. Ufundi wake hasa ulikuwa kwingine. Zamani, mtu akiingizwa au akiondolewa huko juu ya foleni, kioo chote kiliruka, na karani akalalamika kwamba kinamtia kizunguzungu. Fundi akakaa mchana mmoja, akaifundisha programu kuhesabu kimyakimya, ili hata waingizwe wangapi huko juu, mistari iliyo mbele ya macho ya karani isitikisike. Ofisi nzima ilimpigia makofi, naye akatembea kifua mbele wiki nzima.

Sasa aliketi kwenye kiti cha karani na kulifungua jedwali. Jedwali lilisema nafasi ya kumi na nne ina mstari wa mia mbili na sitini. Kioo kilionyesha mstari wa mia mbili na kumi na mbili: kadi namba 4471, mwanamke, mshonaji, presha ya macho, macho yote mawili. Alizima mashine. Maandishi yote yakaondoka isipokuwa hayo. Aliyagusa kwa kidole. Yalikuwa na joto la nguo iliyotoka kupigwa pasi, na chumba kilinuka mafuta ya cherehani.

Kadi hiyo aliijua. Ilikuwa nyumbani ndani ya kopo la vifungo, na mwenye kadi alikuwa shangazi yake, aliyemlea tangu ana miaka minne.

Programu ilitunza pia kumbukumbu ya kila badiliko, lakini fundi hakuwahi kuwa na sababu ya kuisoma. Siku ile aliisoma. Shangazi aliandikishwa miaka minne iliyopita akiwa wa mia mbili na kumi na nne. Kila Jumatatu saa tatu kamili watu wanane wa juu waliondolewa kwenda chumba cha upasuaji, na dakika ileile wengine wanane wakawekwa mahali pao. Hao waliwekwa kwa vikaratasi vya kijani kutoka ghorofa ya juu, kila kimoja kikiwa na namba ya kadi, neno "Juu" na sahihi ya mganga mkuu. Alikuwemo shemeji wa mkubwa fulani, na jirani wa mkubwa mwingine, na mwalimu wa piano wa watoto wa mkubwa wa tatu. Katika miaka minne shangazi alikuwa amesogea nafasi mbili, na hizo mbili ni kwa sababu wawili waliomtangulia walifariki. Kila alipouliza, fundi aliambiwa foleni inakwenda. Na kweli ilikuwa inakwenda, ila haikufika alipo shangazi, na programu yake ndiyo iliyofanya kazi ya kuficha. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Jioni alimkuta shangazi kwenye cherehani, akishona kola kwa kupapasa. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini fundi alimtungia sindano kumi na mbili na kuzichomeka kwenye kimto, za uzi mweupe kushoto, za mweusi kulia. Wiki iliyotangulia shangazi alikuwa ameshona mfuko wa sare ya mtoto upande wa ndani, akacheka mwenyewe kisha akaufumua. Daktari wa kliniki alikuwa amesema waziwazi kwamba mwaka ukiisha bila upasuaji, hakutakuwa na jicho la kuokoa. Ilikuwa imebaki miezi miwili.

"Shangazi, mstari wako umekaa kwenye kioo. Hausogei."

"Ndiyo, nilikaa leo asubuhi," shangazi alisema bila kuacha kukanyaga cherehani. "Nimechoka kusimama, mwanangu. Kila Jumatatu saa tatu mtu ananisukuma hapa kifuani, narudi nyuma hatua nane. Nikasema basi, wenye haraka wapite, mimi nakaa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ni gesi."

Alikata uzi kwa meno, akapapasa sindano nyingine.

"Hivi yule fundi viatu alishatibiwa? Yule aliyekuwa mbele yangu siku ya kuandikishwa. Mtu mwembamba, ananuka gundi. Kamba ya ndara yangu ilikatika pale kwenye benchi, akaishona papo hapo, hata asante hakungoja."

Fundi alimjua kutoka kwenye ile kumbukumbu. Alikuwa kadi namba 4470, mstari mmoja juu ya shangazi.

"Bado yupo kwenye foleni," alijibu.

Kesho yake aliondoa ule ufundi wake wote. Mtu akiingizwa juu, kioo kiruke, kila mwenye macho aone. Alijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo, akaisubiri Jumatatu kwa hamu.

Jumatatu, saa tatu na dakika mbili, simu ililia.

"Fundi, kioo kinaruka."

"Ndiyo, dada. Kinaruka kwa sababu kuna watu wameingizwa juu."

"Najua wameingizwa, si mimi niliyewaingiza? Nakwambia kinanitia kizunguzungu."

Fundi alishuka ngazi taratibu. Alimkuta karani amefumba macho, viganja juu ya paji la uso, na mstari wa kumi na nne umetulia mahali pake. Alimweleza yote: vikaratasi, ile miaka minne, shangazi, miezi miwili iliyobaki. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, na machozi yakamlengalenga, maana hakuwa mtu mbaya.

"Sasa wewe, miaka yote unafanya kazi hapa, unaacha shangazi yako apate taabu hivi? Kwa nini hukusema? Wewe si mtu wetu?"

Akafungua mtoto wa meza. Ndani kulikuwa na bunda la vikaratasi vya kijani, tayari vimeandikwa "Juu" na kutiwa sahihi, namba ikiwa wazi. Mganga mkuu alikuwa na shughuli nyingi, kwa hiyo huvisaini mia kwa mpigo. Karani alichomoa kimoja, akamwekea fundi mbele na kalamu juu yake.

Fundi alikitazama. Alizifikiria zile sindano kumi na mbili. Akaandika 4471.

Mstari ulisimama, ukajinyoosha, ukaanza kupanda, ukiwapita mmojammoja watu mia mbili na kumi na mmoja. Wa kwanza kupitwa alikuwa 4470. Joto likatoka kwenye kioo.

"Na hicho kizunguzungu ukiondoe leo hii," alisema karani.

Alikiondoa kabla ya chakula cha mchana.

Shangazi alipasuliwa Jumatatu iliyofuata. Jicho la kushoto halikuokoka, la kulia likabaki na mwanga wa kutosha kutunga sindano kwa jaribio la tatu au la nne. Alifurahi sana, akamshonea karani blauzi. Wiki ileile mstari mwingine ulikaa kwenye nafasi ya kumi na nne: kadi namba 4470, mwanamume, fundi viatu, jicho lililobaki. Chumba kilinuka gundi. Karani hakupiga simu. Alijizoesha kuiruka nafasi hiyo kwa macho, na fundi akarekebisha jedwali lihesabu nafasi ishirini na tatu tu.

Jumatatu moja baada ya hapo fundi alikuwa hajatoka nyumbani. Ilipofika saa tatu shangazi aliacha kukanyaga, akainua mikono yote miwili mbele yake.

"Sisukumwi tena," alisema. "Sasa nahisi huku viganjani. Kuna kifua hapa. Chembamba."

Akanusa viganja, kisha akamtazama kijana wake kwa lile jicho moja.

"Ulisema yupo kwenye foleni?"

"Yupo, shangazi."

"Alikuwa mbele yangu."

Fundi alichukua sindano, akaanza kuitunga ingawa hakuna aliyemwomba. Tangu siku hiyo, kila Jumatatu saa tatu shangazi hulisimamisha gurudumu la cherehani kwa mkono, huweka viganja mezani vikiangalia juu, na kungoja hadi dakika ile ipite. Kisha huendelea na kola.