Golikipa wa Saizi M

Kama kuna kitu Martina Swai alikijua kuliko wafanyabiashara wote waliokanyaga Kangle, mtaa wa karakana za nguo huko China, ni miili ya watu. Mpe namba na saizi, atakuambia nani ameota kitambi. Kwa hiyo orodha ya jezi ilipoingia kwenye simu yake asubuhi ile, akiwa amesimama katikati ya vyerehani, hakuhitaji kuisoma mara mbili. Namba moja: M.

"Huyu Afande Humphrey amelala," alisema.

Maana namba moja ni Emmanueli, mdogo wake, golikipa wa timu ya kikosi chake cha jeshi, na Emmanueli ni pande la mtu. Anavaa XL, na hata hiyo akinyoosha mikono kitovu kinachungulia. Martina ndiye aliyemshonea jezi za msimu uliopita, na tuseme ukweli, ndiye aliyemtia jeshini. Kijana alitaka kubaki Moshi auze vipuri vya pikipiki. Dada akamjia juu: jeshini wachezaji hawapelekwi popote, wanakula, wanadaka mipira, mwisho wa mwezi mshahara. Nani alimwambia hayo? Hakuna. Aliokota maneno ya watu, akaongeza chumvi yake, kisha akamwapia hata mama.

Halafu Januari vita vikapamba moto mashariki ya Kongo, na wanajeshi wa Tanzania walikuwa huko. Tangu hapo Martina hakupata usingizi wa maana. Kila wiki alimwandikia mdogo wake swali lile lile: mmetoka ngapi? Emma alijibu bila kukosa. Tumeshinda mbili. Tumefungwa moja, penalti, refa mwizi. Kombe tumetolewa. Akishapata jibu, Martina alishusha pumzi, akampigia mama na kumwambia mtoto yupo, anacheza. Picha ndizo hazikuja. Emma alisema kamera ya simu imepasuka, na tangu Februari ilikuwa imepasuka tu.

Akampigia Humphrey, mtunza vifaa wa timu.

"Shikamoo afande. Namba moja umekosea."

"Marahaba. Sijakosea, dada."

"Emma na M wapi na wapi? Ataivaa kichwani?"

Humphrey hakucheka, na huyu ni mtu anayecheka hata misibani. "Shona kama nilivyoandika," alisema.

"Ameachwa timu?"

Alisikika akifunga mlango.

"Afande, kama ameachwa niambie tu, si dhambi. Watu wanashuka viwango."

"Dada Martina, mimi natunza jezi. Mengine siruhusiwi kuyasema kwenye simu."

Akakata simu. Mtu kuachwa timu, nani anakataza kusema? Alifungua tena orodha, akaiweka kando ya ile ya msimu uliopita, akashuka nayo kwa kidole. Namba nne alikuwa L, sasa S. Namba tisa, kumi na moja, kumi na sita, wote miili mipya. Wachezaji watano wamebadilika, na hakuna aliyetangaza kuwa wamehama. Kama hawakuhamia timu nyingine, basi wako Kongo.

Laoban, yaani bosi, mama mwenye karakana, alimgusa bega akamwonyesha kitambaa kilichokwisha kutandikwa mezani. Mkataji alikuwa ameshika mashine yake anangoja. Martina aliinua kiganja kumwomba subira, akatoka uchochoroni, akaegemea ukuta huku baiskeli za mizigo zikimpita na majora ya vitambaa. Aliogopa. Aliogopa kumpigia mama, akaogopa zaidi kumpigia Emma, maana simu ikiita bila kupokelewa angefanyaje? Wiki hii Emma hakuwa amemtumia matokeo.

Adhuhuri ikapita hajala. Yapata saa tisa, ile VPN yake ya kukatikakatika, inayomfungulia mitandao iliyozuiwa China, ikashika, na ujumbe ukaingia.

"Dada, za kazi? Jana bila bila. Nimedaka penalti."

Akakaa juu ya robota la vitambaa. Yu hai. Lakini penalti ipi, wewe mtoto? Matokeo kila mtu anayasoma mtandaoni, hata mimi niliye hapa China. Alitaka kumtukana. Alitaka kumwambia nisamehe, mimi ndiye niliyekupeleka. Akaandika neno moja akafuta, akaandika jingine akafuta. Mwisho akatuma:

"Umeumia?"

Mwaka mzima hakuwahi kumuuliza hivyo. Alikuwa akiuliza magoli.

Juu ya simu ikatokea alama kwamba Emma anaandika. Ikapotea. Ikatokea tena, ikapotea. Laoban alichungulia mlangoni, akamtazama usoni, akarudi ndani. Kisha jibu likaja.

"Umejua lini, dada?"

"Leo," aliandika Martina. "Hujanijibu."